Uwanja wa mabomu uliogeuka uwanja wa mbio

Huenda u mpenzi wa mbio za langalanga, na jina la Silverstone, Uingereza, si geni masikioni mwako. Lakini je, wajua kwamba pale yanaponguruma magari leo, zamani zilinguruma ndege za kuangusha mabomu?

Naam. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1943, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimepamba moto. Mashamba yalipasuliwa, zikajengwa njia tatu za kurukia ndege, zenye kukatana kama pembetatu. Hapo vijana walifunzwa kuruka na ndege aina ya Wellington: huyu rubani, yule mwonyesha njia, mwingine mtupa mabomu. Wengi walikuwa rika la wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi yao walifia mazoezini, kabla ya kumwona adui. Waliofuzu walipelekwa vikosini, na kikosi kizima cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 vitani. Kati ya kila mia, 44 hawakurudi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, uwanja ukabaki mtupu, kondoo wakajilishia. Mwaka 1947 vijana wa karibu walijiendea huko na magari yao kushindana, bila ruhusa ya mtu. Gari moja likamgonga kondoo, na mbio hizo zikabandikwa jina la utani la nyama yake!

Mwaka uliofuata chama cha magari cha Uingereza kikaukodi uwanja. Marobota ya nyasi kavu yakapangwa kuonyesha njia, na Oktoba 2, 1948, Mwitaliano Luigi Villoresi akashinda kwa gari la Maserati. Mei 13, 1950, Mfalme George wa Sita akishuhudia, Giuseppe Farina alishinda hapo mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia.

Usione vyaelea, vimeundwa. Sehemu moja iliyonyooka ya njia hiyo ingali yaitwa Hangar, kwa ajili ya mabanda ya ndege, na nyingine Wellington. Basi, Jumapili utakapokaa na watoto mbele ya televisheni kutazama mbio hizo, waeleze maana ya majina hayo. Waambie kuwa kuna vijana waliokimbia hapo kabla ya hawa, wala hawakungojewa na kikombe.