Kokoto Hizi Zimepondwa na Nani?

Wapendwa, wazee wetu wa Upare wanalikumbuka neno manamba. Wakata mkonge wa enzi za ukoloni waliitwa hivyo kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao, SILABU, ikawa inawaandikisha watu wa mikoa ya mbali na kuwasafirisha kwa mkataba. Aliyefikishwa ugenini hakuwa na wa kumlilia.

Siku hizi namba hakuna, yupo wakala. Mwenye kampuni humpa kazi mkandarasi, mkandarasi humpa mwingine, na huyo huwaleta vijana kwa fedha za kutanguliza, deni lisilokwisha kulipwa. Mwenye kampuni akiulizwa, hujibu: “Hao si watu wangu.” Jibu hilo silikubali. Faida inapanda hadi kwake. Kwa nini lawama ibaki chini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Lakini tusiwanyoshee kidole wafanyabiashara peke yao. Nami niliponunua kokoto za kujengea kigango, niliuliza bei tu. Baadaye nikawakuta watoto pale machimboni, saa za shule, nyundo mkononi. Nilikuwa nimekwisha kulipa.

Naomba kila kamati ya ujenzi, kabla ya kutoa fedha, ifike machimboni yenyewe, imwulize mponda kokoto analipwa shilingi ngapi, na kama anadaiwa, je, akitaka kuondoka leo ataachwa aende?