Upande Usioandikwa

Liko kosa moja katika masomo ya hesabu ambalo limezoeleka hata likadhaniwa ni desturi njema. Kosa hilo ni kuamini kwamba jambo lisiloandikwa halijulikani. Mwanafunzi hupewa picha ya mstatili, akatakiwa kutafuta mzingo wake, yaani jumla ya urefu wa pande zake zote nne. Pande mbili tu zina tarakimu: mita 8 na mita 5. Huzijumlisha hizo mbili, akaandika 13, akaweka kalamu chini kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Mwenzake huona pande mbili ziko tupu, akanung'unika kuwa swali limepungua. Wa kwanza amejumlisha wino. Wa pili amelaumu karatasi. Hapana kati yao aliyeutazama mstatili.

Nasema wazi kwamba katika swali hilo hapana upande uliopotea. Upo upande usioandikwa tu. Jina la mstatili ni ahadi: pembe zake zote nne ni pembe mraba, na pande zinazokabiliana ni sawa. Ikiwa juu ni mita 8, chini ni mita 8. Ikiwa kushoto ni mita 5, kulia ni mita 5. Mzingo ni mita 26. Aliyeandika 13 amezunguka nusu ya nyumba akadhani amekwisha rudi mlangoni.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya ubao na chaki, hayana kazi mitaani. Watu hao na waende Mji wa Kale wa Mombasa, wapite Ndia Kuu hata Kibokoni, wazitazame nyumba kongwe za mawe na chokaa ambazo dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki nafasi kubwa bila kulegea. Kwa sababu hiyo mafundi wa kale hawakupanua chumba kwa kadiri ya matamanio yao. Upana aghalabu haukuzidi mita 3, nacho chumba kikaendelea kwa urefu. Basi fikiri chumba cha namna hiyo chenye urefu wa mita 8 na sakafu ya mita za mraba 20. Fundi ataka kupitisha ukanda wa rangi kuzunguka kuta zote, wala hakuambiwa upana. Je, arudi nyumbani? Hasha! Agawanye 20 kwa 8, apate 2.5. Ajumlishe 8 na 2.5, azidishe kwa 2, apate mita 21. Na kama hesabu yake ingalimpa upana wa mita 6, boriti zilizo juu ya kichwa chake zingalimkanusha kabla ya mwalimu.

Wako pia wasemao kwamba kukariri kanuni kwatosha: urefu ongeza upana, zidisha kwa mbili. Kanuni ni mtumishi mwema, lakini haijui ilipo. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ina buruji zilizochomoza penye pembe zake, na kuta zake huingia na kutoka. Mwenye kanuni bila macho ataipima ngome hiyo kama kisanduku, na jibu lake litakuwa uongo uliokokotolewa vizuri. Kikokotoo nacho hakitamwokoa, kwani hujumlisha alichopewa, hakiulizi kilichosahauliwa.

Tena yaliyo mazito hayajasemwa. Chukua kiwanja cha mstatili cha mita 12 kwa mita 9. Kata kipande kwenye kona moja, mita 4 upande wa urefu na mita 3 upande wa upana, kwa ajili ya kichochoro. Sasa umbo lina pande sita. Mbili hazikuandikwa, lakini zapatikana: 12 toa 4 ni 8, na 9 toa 3 ni 6. Jumlisha 12, 9, 8, 3, 4 na 6. Jibu ni mita 42, sawasawa na mzingo wa kiwanja kizima kabla ya kukatwa! Ukuta haukupungua hata shibiri moja, lakini ardhi imepungua kutoka mita za mraba 108 hata 96.

Basi fikirini ndugu wawili wanaogawana urithi. Mmoja apewa kiwanja kizima, wa pili apewa kilichokatwa kona. Msimamizi azungusha kamba huku na huku, apata mita 42 kila mahali, atangaza kuwa haki imetendeka. Haki haikutendeka. Mita za mraba 12 zimetoweka mbele ya mashahidi, na aliyedhulumiwa ashukuru kwa kuwa kamba zilikuwa sawa. Mtu huyo hakuibiwa na mwizi wa usiku. Ameibiwa na ujinga wake mchana kweupe.

Kwa hiyo napinga mafunzo yanayompa mwanafunzi kila tarakimu kama mtoto anayelishwa uji. Apewe maumbo yenye pande tupu, atakiwe kusema kila upande ameujuaje, na jibu lisilo na sababu lihesabiwe nusu ya jibu. Nanyi vijana, msiogope nafasi tupu kwenye picha. Ulizeni kwanza: umbo hili ni lipi, nalo laahidi nini? Pimeni pembe kabla ya kuiamini ahadi, kama fundi mwashi apimavyo kona kwa kamba ya 3, 4 na 5. Kisha semeni upande usioandikwa kwa ujasiri. Dunia haitawaandikia pande zote. Na asiyeweza kuzitafuta atapimiwa na wengine, kwa kamba yao.