Mama Yao Alikwenda Kutafuta Riziki

Na Bi Kidawa

Wiki hii nimekasirika, na aliyenikasirisha ni msichana mwema. Ni mwanafunzi wa chuo, mpangaji wa nyumba ya nyuma yetu hapa Mji Mkongwe, mwenye adabu zake, shikamoo haimpiti. Jumanne asubuhi alikuta uchochoroni vitoto vitatu vya paka nyuma ya mifuko ya saruji, macho bado hayajafunguka. Akavitia kwenye boksi, akavipiga picha, akawatangazia rafiki zake kwenye simu kwamba vimetupwa na mama asiye na huruma. Kisha akavipandisha chumbani kwake, ghorofa ya tatu.

Mama asiye na huruma! Paka yule namjua, wasomaji wangu. Ndiye yule mwenye mkia nusu aliyeondoka na changu wangu Ramadhani iliyopita. Saa zile alikuwa Darajani chini ya meza za samaki, akigombea matumbo na wenzake, kwa sababu anayenyonyesha lazima ale. Mwanamke akienda sokoni akamwacha mwanawe amelala, nani humwambia kamtupa?

Alirudi adhuhuri. Akanusa mifuko, akazunguka, akaingia mpaka kwenye mtaro. Akaanza kulia, na kilio kile hakikukatika hadi baada ya Isha. Nikatoka kuuliza barazani. "Tulimwona binti kavichukua, Bi Kidawa," wakanijibu wale wazee wa bao, "tukaona kafanya la kheri."

Nikapanda ngazi na magoti yangu haya. Nikamkuta binti na kijiko, maziwa ya ng'ombe ya pakiti kutoka kwenye friji, na kitoto kimelazwa chali kama mtoto wa mtu. Kimoja kilikuwa kimeshakufa. Viwili vilivyobaki, ukivigusa, baridi tupu.

Nilisema kwa sauti kubwa, na leo nasema tena. Kitoto cha paka cha siku chache hakiwezi kujipasha joto. Joto lake ni la mama na ndugu zake. Kikishapoa, tumbo halisagi, hivyo kukilisha ni kukimaliza: joto kwanza, chakula baadaye. Maziwa ya ng'ombe yanakiharisha, na kuharisha kunakausha maji yote mwilini. Kukilaza chali ni kuyapeleka maziwa mapafuni. Yote hayo yalifanyika chumbani mle, kwa mapenzi.

"Sasa ningefanyaje, bibi?" akaniuliza, machozi yanamtoka.

Ungeviacha, mwanangu. Ungeviangalia tu: kama vimelaliana, vina joto, matumbo yamejaa na havilii, basi mama yupo. Ungesogea mbali kabisa, maana paka harudi kwa wanawe huku umesimama juu yao na simu. Ungesubiri saa kadhaa. Kama mahali penyewe pana hatari, maji ya mvua au pikipiki, ungevisogeza hatua chache tu, pakavu, pale mama atakaposikia sauti zao. Na lile la kwamba paka humkataa mwanawe akishikwa na mtu, nimelisikia tangu utotoni na si kweli. Paka anamtaka mwanawe, anukie mkono wa nani.

Hatari nyingine ni kunguru. Mwishoni mwa karne ya 19 waliletwa Unguja kutoka India ili wasafishe taka, na hao waliowaleta nao walijiona wanafanya la kheri. Leo kunguru anakula vifaranga, anakula mayai ya ndege wetu, na kitoto cha paka kilichowekwa peupe juu ya ukuta ili "mama akione" hakimpiti. Kisiwa hiki kimeshalipia vya kutosha wema wa watu wasiouliza kwanza.

Mama akiwa amekufa kweli, au saa zimepita na hajarudi, vitoto vinalia na kupoa, hapo ndipo uvichukue, na safari yako ya kwanza iwe kwa daktari wa mifugo. Kuna maziwa maalumu ya vitoto vya paka. Utavilisha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, vikiwa vimelala kifudifudi, na kila mara utavipangusa nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu hata kukojoa havijui bila mama. Hiyo ni kazi ya wiki nzima nzima. Asiyeiweza asimnyang'anye anayeiweza.

Viwili vile tulivipasha kwa chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga, tukavirudisha palepale kwenye mifuko, nikawafukuza watoto wote uchochoroni. Mama alikuja. Alivibeba kimoja kimoja kwa ngozi ya shingo, akavihamishia anakokujua mwenyewe, na mimi sikumfuata.

Sasa kuna kazi ya huruma ya kweli. Paka anaweza kushika mimba hali bado ananyonyesha, na mimba yake ni miezi miwili tu. Vitoto vikifika wiki nane hivi vinaweza kuachana naye, na hapo tumpeleke mama yao afungwe kizazi, la sivyo mwaka huu huu tutakuta boksi jingine. Binti ameshatoa mchango wake bila kuombwa. Wangu nimeutoa. Wazee wa barazani, mlioliona boksi linapita mkaendelea na bao, wenu nausubiri Ijumaa baada ya sala, na nitakuja kuuchukua mwenyewe.