Mazungumzo na Bwana Shamba: Pima Mkono Kabla ya Kununua Saa



Mwezi huu sitazungumza juu ya mbolea. Nataka tuzungumze juu ya saa ya mkono. Usishangae. Fedha za pamba zikipatikana, watu wengi huenda mnadani, na baadhi yao hurudi na saa. Baada ya wiki mbili unaikuta saa hiyo imetundikwa kwenye msumari ukutani. Mwenyewe atakuambia inamsumbua. Jasho la msimu mzima limetundikwa pale.

Mara nyingi sababu ni moja tu. Saa haikulingana na mkono.

Ukichagua mpini wa jembe, hutazami uzuri wake peke yake. Unausimamisha mbele yako uone kama unalingana na kimo chako. Saa nayo ina kipimo. Kipimo hicho utakichukua nyumbani, kwa uzi na rula ya mtoto wa shule.

Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Usiukaze. Tia alama mahali unapokutana, kisha ulaze uzi juu ya rula. Pima jioni, maana mkono huvimba kidogo kwa joto na kwa kazi. Watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 14 na 20. Ukipata 15 au pungufu, tafuta saa yenye uso wa milimita 36 au chini ya hapo. Ukipata 16 au 17, milimita 36 hadi 40 zitakufaa. Ukipata 18 au zaidi, unaweza kuvaa ya 40 hadi 44. Unapopima uso, usihesabu kile kitufe cha pembeni.

Sasa weka rula juu ya mkono, upande ule saa inapolala. Tazama sehemu iliyo bapa ina upana gani. Tuseme ni milimita 50. Kisha itazame saa. Juu na chini ina masikio yanayoshika mkanda. Pima toka ncha ya sikio la juu mpaka ncha ya sikio la chini. Ikiwa ni 46, saa itakaa vizuri. Ikiwa ni 54, masikio yatatokeza nje ya mkono na yatanasa kila kitu. Saa mbili zenye uso sawa zinaweza kuwa na masikio tofauti. Kwa hiyo mimi kipimo hiki cha pili nakiamini kuliko kile cha uzi.

Muuzaji atakuambia, "Mkanda utatobolewa." Ni kweli. Mkanda wa ngozi huongezwa tundu, na wa chuma hupunguzwa pingili. Lakini kichwa cha saa hakipunguzwi na fundi yeyote.

Wako vijana wanaofunga saa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Wanadhani saa ndogo ni ya kike. Si hivyo. Saa nyingi za wanaume za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na uso wa milimita 33 hadi 36, na waliozivaa hawakuchekwa na mtu. Tena tazama unene. Saa ya milimita 14 itagonga mlango, itagonga ndoo, itagonga mguu wa ng'ombe unapokamua. Saa ya Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ina unene wa milimita 8.5 na uzito wa gramu 21 tu. Kwa mtu wa jembe, hiyo ni saa.

Mama mwenye mkono mwembamba mara nyingi huuziwa saa yenye uso kama kifungo cha shati. Atampaje mtoto dawa kila baada ya saa 8, na usiku haoni mshale? Mama, chagua uso mweupe wenye namba nyeusi, zote 12. Masikio yawe mafupi. Namba zikiwa wazi, hata uso wa milimita 30 unasomeka. Na ukumbuke kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sisi tunasema saa moja.

Ukiivaa, ncha ya kidole kidogo ipite chini ya mkanda. Ikibana, jasho litakaa na ngozi itawasha. Ikilegea, itazunguka. Kunja kiganja kurudi nyuma. Kitufe kikichoma mgongo wa mkono, irudishe kwa muuzaji papo hapo, kabla hujalipa.

Ukienda kwenye mashine ya kusaga au kwenye trekta, vua saa, hata kama inakutosha vizuri. Mkanda ukinaswa, mkono utafuata. Vua pia unapopiga dawa ya pamba, maana dawa huingia chini ya mkanda na kukaa kwenye ngozi. Nawa mikono kwa sabuni, ndipo uivae tena.

Ule uzi usiutupe. Uende nao mnadani pamoja na rula.