Udongo Uulizwe Kwanza

Walowezi wa Kizungu, Lord Delamere akiwa miongoni mwao, walipofika Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, walistaajabu kuiona nyanda yenye majani tele ambayo Wamaasai, mabingwa wa malisho, waliepuka kuchungia mifugo yao. Nao, kwa kuudharau ujuzi huo, wakaleta ng'ombe na kondoo wa thamani kubwa, ambao walikonda na kufa ilhali majani yamewazunguka. Maradhi hayo yaliitwa kwa jina la Nakuru, hata wataalamu walipobaini kwamba udongo ule wa majivu ya volkano umepungukiwa na madini ya kobalti. Na chanzo kilipojulikana, tiba ikawa nyepesi, kuwapa wanyama yale madini waliyoyakosa.

Naikumbusha habari hiyo kwa kuwa hadi leo twautibu udongo kabla ya kuuliza unaugua nini. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikilipia sehemu ya bei ya mbolea, hata mfuko wa kilo 50 ukashuka hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na mwenye insafu hawezi kuibeza nafuu hiyo. Lakini mkulima wa Molo au Rongai aghalabu huupokea mfuko wake pasipo kupimiwa udongo, wala hajui kwamba mbolea ya DAP, ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa wala samadi, huzidisha asidi, na asidi ikizidi, fosforasi aliyoinunua hufungika ardhini mimea isiweze kuifikia. Hapo fedha ya umma na jasho la raia huzikwa pamoja.

Kuuhuisha udongo si siri. Ni kupunguza kuupindua kwa jembe la trekta, kuufunika kwa masalia ya mavuno, kupokezanisha ngano na njahi au maharagwe, na kuirudisha shambani samadi ya bomani. Kwani udongo wetu wa majivu ni mwepesi, na ukiachwa mtupu, mvua ya masika huuchukua hadi Mto Njoro, nao mto huumwaga katika Ziwa Nakuru.

Atasema mwenye ekari mbili kwamba mabua ndiyo chakula cha ng'ombe wake, na hoja yake ni ya haki. Basi asihubiriwe tu, bali asaidiwe kupata matete ya kupanda kwenye kingo za matuta, ili ng'ombe ashibe na udongo usikose kifuniko. Ama anayekodi shamba la ngano kwa msimu mmoja, huyo tumlaumu kwa kiasi, maana ni nani atakayeigharamia rutuba itakayovunwa na mwingine?

Wafugaji nao wana mfano karibu. Huko Baringo, tangu mwaka 1982, shirika la RAE, la kuhuisha ardhi kame, limeshirikiana na wenyeji kuzungushia ua ardhi iliyokuwa imekwisha kuwa jangwa, kupanda nyasi za asili na kuchunga kwa zamu; na watu wakapata malisho, nyasi za kukata na mbegu za kuuza. Uangalizi ule ulidumu kwa sababu faida yake iliwarudia walioufanya.

Kwa hiyo serikali ya taifa na kaunti ya Nakuru zina wajibu ulio dhahiri: mbolea ya bei nafuu iambatane na kipimo cha udongo, chokaa ipewe nafuu kama ile ya mbolea, bwana shamba arudi vijijini, hasa katika eneo lenye Chuo Kikuu cha Egerton na kituo cha utafiti wa kilimo cha Njoro, na ukodishaji wa mashamba uandikwe kwa miaka mitano au zaidi, wenye sharti la kuitunza ardhi. Hayo hayadai fedha nyingi kuliko zile tunazozitumia sasa. Yadai tu kwamba fedha hizo zimfuate mkulima hadi shambani mwake, badala ya kuishia mlangoni mwa ghala.