Mateso Hayahitaji Mtetezi

Hakuna swali ambalo mwanadamu ameliuliza kwa machozi mengi kuliko hili: maisha yana maana gani, ikiwa mateso yamo ndani yake tangu utotoni hata kaburini? Mtoto huliuliza afiwapo na mamaye. Mkulima huliuliza mvua inapokosa kunyesha mwaka wa pili mfululizo. Mwanafunzi huliuliza usiku bwenini, wenziwe wamelala, wala hathubutu kulitamka mchana. Ni swali la heshima, na mwenye kuliuliza asichekwe. Lakini kuna majibu mawili yatolewayo kila siku ambayo hayastahili heshima hiyo, nami nakusudia kuyapinga yote mawili.

Jibu la kwanza ni la mkata tamaa. Yeye husema kwamba maisha hayana maana yoyote. Hutoa ushahidi, na ushahidi wake si haba: njaa, vita, maradhi, na watoto wachanga wanaokufa kabla ya kujua kosa wala dhambi. Kisha hukata shauri kwamba jitihada zote ni upuuzi, kwa kuwa mwisho wa watu wote ni mmoja.

Ushahidi huo ni wa kweli, bali hukumu yake si ya haki. Chungu kikivunjika, twaokota vigae tukavitupa. Mtoto akifa, kijiji kizima hulia. Tofauti hii yatoka wapi? Kama maisha yasingekuwa na thamani, mateso nayo yasingekuwa msiba. Yangekuwa kama vumbi lipeperushwalo na upepo, nasi tungeyapita bila kugeuza shingo. Twachukizwa na mateso kwa sababu huharibu kitu cha thamani. Basi mkata tamaa, kila alalamikapo, hulishuhudia lile lile analolikana.

Jibu la pili ni la mtukuza mateso. Huyu ana sauti tamu zaidi, na kwa hiyo ni wa kuogopwa zaidi. Husema kwamba mateso ni mwalimu, ni dawa chungu, ni moto usafishao dhahabu. Kwamba aliyeteswa amependelewa, na asiyeteswa hajakomaa. Maneno haya hupendeza masikioni, lakini tazameni ni nani ayasemaye na ni nani aambiwaye. Aghalabu mwenye afya humwambia mgonjwa, aliyeshiba humwambia mwenye njaa, na mwenye fimbo humwambia mwenye mgongo. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni rahisi sana kuwasifu kunguni kwa mtu alalaye kitanda kingine.

Na tuupime usemi huo kwa ndui. Kama kuna mateso yaliyopata nafasi ya kutosha ya kuwafundisha wanadamu, ni maradhi hayo, kwani yaliishi nao kwa karne nyingi. Aina yake kali iliua wagonjwa kama 3 katika kila 10. Wengi waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu wapatao milioni 300. Ni somo gani hilo lisiloweza kufundishika bila ya makaburi yote hayo? Mwaka 1796 Edward Jenner, tabibu wa Uingereza, alionyesha kwamba chanjo yaweza kuuzuia ugonjwa huo. Hakuwa akimfukuza mwalimu. Alikuwa akimfukuza mwuaji. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilizidisha juhudi za kuiondoa ndui duniani kote, na baada ya miaka kumi ilikuwa imebanwa katika pembe moja tu ya Afrika.

Mtu wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili aliishi katika mji wa Marka, kwenye pwani ya Somalia, jirani zetu. Jina lake Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali. Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua watoto wawili wagonjwa ili kumwonyesha dereva njia. Safari ilikuwa ya muda mfupi, nayo ilitosha. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake. Aliugua, akapona, na watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa katika mji ule na kandokando yake ili ugonjwa usipate pa kwenda. Mei 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Maalin angeweza kushukuru kupona kwake akanyamaza. Lakini miaka mingi baadaye, ugonjwa wa polio ulipowapoozesha watoto wa Somalia, alijiunga na watoaji wa chanjo, akizunguka na kuwaeleza wazazi waliosita kwamba yeye ndiye mtu aliyeikimbia chanjo kwa woga na ndui ikampata. Polio iliporudi mwaka 2013, naye alirudi kazini. Julai mwaka ule ule akafa kwa malaria, angali katika kazi hiyo. Mkata tamaa atasema, "Mmeona? Mwisho wake ni kifo." Ndiyo, mwisho wake ni kifo, lakini hatukuuliza kama mtu atakufa. Tuliuliza kama maisha yake yana maana, na jibu wanalo watoto watembeao leo kwa miguu yao wenyewe.

Yawezekana mtu akanena kwamba ndui ni maradhi tu, hayana nia, na kwamba mateso mazito zaidi ni yale ambayo mtu humtesa mtu mwenziwe. Na tuyatazame hayo pia. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka wa siasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Kwa ajili ya waraka huo alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hata 1972, na huko gerezani alitengwa na wafungwa wengine. Katika upweke huo alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la Rais yule yule ambaye katika utawala wake mshairi alitiwa jela.

Hapa mtukuza mateso hushangilia. Bila ya jela, asema, diwani isingalipatikana. Basi jela ilikuwa neema. Hoja hii haina miguu ya kusimamia. Maelfu ya watu wamefungwa nyuma ya kuta zizo hizo, wala hawakutoka na diwani. Wengine walitoka na maradhi, na wengine hawakutoka. Kama kuta zingekuwa zatunga mashairi, gereza la Kamiti lingekuwa chuo kikuu cha ushairi kwa Afrika nzima. Abdilatif aliingia gerezani na fani aliyoipata Mombasa miongoni mwa washairi, akaingia pia na dhamiri yake. Jela ilikusudia kuvinyamazisha vyote viwili, ikashindwa. Basi sifa ya ushindi apewe mshindi, wasipewe waliomfungia mlango.

Yabaki mateso yasiyo na tiba wala mshindi. Mama amemzika mwanawe, tumwambie nini? Mimi sina maelezo ya kumpa, wala sidhani kuna mwenye haki ya kumpa maelezo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini tazameni wafanyavyo majirani siku za matanga. Mmoja huja na kuni, mwingine na maji. Mwingine huwaogesha watoto waliobaki, mwingine hulala pale chini mkekani ili mfiwa asiamke peke yake usiku. Hakuna ajaye na hoja. Wajua kwamba msiba hauelezeki, na wajua pia kwamba mfiwa angali ana thamani kwao. Subira tuliyofundishwa na wazee na dini zetu mahali pake ni hapa, penye jambo lisiloondoleka. Haikuwekwa iwe kisingizio cha kuliacha lile liwezalo kuondolewa.

Sasa wawekeni wapinzani wangu wawili pamoja, nanyi mtaona kwamba ni ndugu. Mkata tamaa hukaa kitako kwa sababu, asema, kutenda hakuna faida. Mtukuza mateso hukaa kitako kwa sababu, asema, kuteswa hakuna hasara. Mmoja analia na mwingine anahubiri. Wote wawili wamekaa, na mgonjwa hajapata maji.

Vijana wasomaji, mateso hayana maana yake yenyewe, wala hayahitaji mtu wa kuyatetea. Maana ni ya mtu: ni ya yule anayeteswa, ambaye thamani yake haipunguzwi na kidonda wala pingu, na ni ya yule anayemwendea. Siku moja swali hili litawafikia, ama kwa msiba wenu wenyewe ama kwa msiba wa mwingine. Mtakapomkuta mwenzenu katika dhiki, msimwambie kwamba maisha yake ni bure, wala msimwambie kwamba dhiki yake ni baraka. Mwulizeni ana haja ya nini, kisha mwende mkakilete.