Kabla ya viza ya Ufaransa, fika kwanza kijijini kwa shosho

Huenda umeona picha za Oradour-sur-Glane, kijiji cha Ufaransa ambako wanajeshi wa Hitler waliua watu zaidi ya 600 mnamo Juni 10, 1944. Magofu yake yaliachwa vilevile, na hadi leo watu hutoka mbali kuyatazama. Wengi wetu tunatamani kufika huko siku moja.

Sawa, tamani. Lakini kama kwenu ni Embu au Meru, kijiji cha vita hakihitaji viza. Ni nauli ya matatu tu.

Umewahi kujiuliza kwa nini baadhi ya senta za ushago nyumba zimebanana, ilhali mashamba yako mbali? Zamani kila familia ilikaa shambani kwake. Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Kuanzia 1954, ili Mau Mau wakose chakula msituni, ikawahamisha kwa nguvu Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja hadi vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Vijiji vilizungushiwa mitaro yenye vijiti vilivyochongwa, vikalindwa na homgadi, na kutoka nje kulikuwa kwa saa maalum. Kina mama walichimba mtaro kando ya msitu wa Mlima Kenya bila malipo. Vita vilipoisha, baadhi ya vijiji hivyo vilibaki, vikawa hizo senta.

Jina la Field Marshal Musa Mwariama tunalijua. Ya waliochimba mtaro hatuyajui. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahasiriwa 5,228 wa mateso, kwa sababu kuna wazee walioamua kusema. Wengi walinyamaza. Aliyekuwa homgadi na aliyekuwa msituni waliishia kuwa majirani, watoto wao wakaoana. Nani angeanza hiyo stori?

Wewe unaweza. Ukienda ushago, usikae tu kwa simu. Muulize shosho kwa upole: mlihamia hapa lini? Mlitoka wapi? Akikubali, mrekodi. Asipotaka, usimlazimishe, mwombe tu akuonyeshe mtaro ulipopita.

Ila usiahirishe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita 80. Oradour itakuwepo hata mwaka ujao. Shosho je?